Kukataa kwa Kiingereza, Ghorofa ya Tatu

Jumamosi, 1 Juni 1996. Kayole.

Nimekubali tena. Kadi ya harambee ya mtu nisiyemjua, ya kanisa nisikosali, ya kununua kinanda ambacho sitakisikia. Mama Khavere wa ghorofa ya chini alinikamata kwenye ngazi. Nilifungua mdomo niseme hapana. Likatoka "sawa mama, hakuna shida." Shida ipo! Mama Khavere mwenyewe alikuwa hoi. Alikiri kwamba hata yeye hakutaka kuzungusha hiyo kadi. Aliombwa, akashindwa kukataa. Aliyemwomba naye aliombwa. Yaani ploti nzima, wapangaji wote, inatembeza kadi ambayo hakuna hata mmoja anayeitaka.

Jioni Wanza alipitia hapa akitoka Kariokor, anakoshonea mikoba ya ngozi. Ana habari. Baba yake, Mzee Mutie, amekubali kupokea wazee wangu Jumamosi ya tarehe 22! Nilifurahi hadi nikamwaga chai kwenye godoro. Lakini mzee ana sharti. Nije na watu. Watu wazima, wenye mvi, wanaojua kukaa. Mwanamume anayekuja peke yake kuposa ni mtu asiye na watu, na kwake mtu asiye na watu hapewi mtoto wa mtu. Wanza akauliza nitawatoa wapi. Swali la haki. Baba yangu ni marehemu, na baba zangu wadogo wa Mwala hawanisalimii tangu ule mradi wangu wa mizinga ya nyuki. (Bado nasema nyuki wale walichokozwa.) Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Ploti imejaa wazee, na watu wa Kayole hawajui kukataa.

Jumatatu, 3 Juni

Nimegundua kitu! Mkubwa wetu wa ofisi ya mizigo alifuatwa leo na mzee mwenye kadi ya harambee. Sisi makarani tulikuwa tumeshainamisha vichwa, kila mmoja akitafuta kalamu ambayo haikuwa imepotea. Mkubwa hakutafuta chochote. Alisema, "I am absolutely not able to," akaendelea na chai yake. Basi! Hakutaja karo ya watoto. Hakumuua shangazi. Na yule mzee? Alisema asante, akatoka kinyumenyume kwa heshima.

Nimelifikiria jambo hili hadi nikaandika mzigo wa Kisumu kuwa wa Mombasa. Kwetu ukikataa lazima ulete sababu. Sababu nayo iwe na ushahidi. Ushahidi ukipatikana, wanakupa pole, wanakuombea, halafu wanakupa kadi. Kwa hiyo hakuna anayesema hapana. Watu husema nitaangalia, nitajaribu, tutaonana, Mungu akipenda. Lakini Kiingereza kimewekewa maneno ya kutilia nguvu! Unabandika "absolutely" mbele ya "not" na mjadala umekwisha. Hakuna aliyewahi kuwafundisha watu wa Kayole jambo hili. Nitakuwa wa kwanza.

Jumanne, 4 Juni

Nimebandika tangazo kwenye tangi la maji: DARASA LA KUKATAA KWA KIINGEREZA. Chumba cha Bw. Ndambuki, ghorofa ya tatu. Kila mwanafunzi aje na kiti chake. Ada ni sukari au mafuta ya taa. Suala la kiti ni muhimu, kwa sababu mimi nina kimoja, tena kigonjwa.

Jirani yangu Gordon Owuor alilisoma tangazo hilo kwa muda mrefu, kalamu mkononi. Gordon ni karani wa kanjo, ofisi za halmashauri ya jiji. Ndiye anayewaandikia watu wa ploti barua zao za Kiingereza, na gazeti hulisoma kwa sauti pale kwenye veranda ili sote tujue kwamba anasoma. Alimaliza, akairudisha kalamu mfukoni bila kusahihisha chochote. Dharau gani hiyo!

Alhamisi, 6 Juni

Somo la kwanza. Wanafunzi watatu, lakini watatu wazito. Mzee Gachanja, mstaafu mwenye mvi za kupendeza, ambaye kwa ajili ya mvi hizo amefanywa mwenyekiti wa kila kamati ya mazishi kutoka hapa hadi Spine Road. Mama Khavere, ambaye hakuna matanga yasiyompa sufuria akoroge. Abdiqadir wa duka la chini, ambaye kila mtu humwachia funguo, mitungi ya gesi, na siku moja mtoto mchanga. Wote wamechoka kuombwa.

Nilichora milango kwenye ubao. (Ubao ni kabati langu, upande wa nyuma.) Nikawaeleza kwamba "not really" ni mlango uliorudishwa tu, mwenye kadi atausukuma na kuingia. "Really not" ni mlango wenye komeo. "Absolutely not" ni komeo na kufuli. Na "absolutely not at all" si mlango tena, ni ukuta. Walinakili wakitikisa vichwa. Gordon, aliyesimama kizingitini bila kualikwa, akasema ni kweli, neno la kutilia nguvu likiutangulia ukanusho huukaza, likiufuata huulegeza, na kwamba amefurahi kuona nimepatia. Amefurahi! Nani alimwomba afurahi?

Mazoezi yalikuwa balaa. Mimi niliigiza mwenye kadi. Mama Khavere alisema "I am absolutely not able," safi kabisa, huku mkono wa kulia ukiipokea kadi na wa kushoto ukipapasa kalamu. Abdiqadir alisema "really not," kisha akaongeza kwamba niiache hapo mezani. Mzee Gachanja alikataa vizuri, halafu akaomba msamaha, halafu akaniulizia hali ya watoto. Sina watoto. Kwa hiyo nimeweka sheria: ni marufuku kutoa sababu, ni marufuku kuomba radhi, na atakayesema "nitajaribu" atasimama kwa mguu mmoja. Kazi ya nyumbani ni kukataa kitu kila siku.

Jumatano, 12 Juni

Ploti imegeuka! Mzee Gachanja amekataa uenyekiti wa mazishi. Kamati ikamwomba Abdiqadir, akakataa. Ikawaomba wapangaji wengine, na hao walikuwa wamelisikia somo kupitia ukutani. Kikao kilishindwa kufunguliwa, na kwa kuwa hakikufunguliwa, hakuna aliyejua jinsi ya kukifunga. Nasikia wengine wangali wamekaa pale. Mpangaji wa chumba cha kona amekwenda kazini na mtungi wake wa gesi begani. Mama Khavere amemkataa mchungaji hadharani, kwa kiwango cha ukuta. Mchungaji alisema "God bless you" kwa sababu alikosa lingine. Jumapili hakutakuwa na chai baada ya ibada.

Sasa wananiita Mwalimu. Nimenunua tai.

Gordon alinisimamisha kwenye ngazi akaniambia niwe mwangalifu, isije siku nikahitaji kitu katika ploti hii. Wivu tu! Mtu amezoea kupewa sifa peke yake, sasa anaona zinagawanywa.

Jumapili, 16 Juni

Nimekwenda kuwaalika wazee wangu wa posa.

Nilianza na Mzee Gachanja kwa sababu ya mvi. Nikamweleza kwamba ni Jumamosi, kwa Mzee Mutie, kazi ni kukaa tu na kuwa mzee. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaweka kikombe chini. "Mwalimu," akasema, "I am absolutely not in a position to." Nilijikuta nimempongeza kabla sijaelewa. Nilipoelewa, nikamwambia mzee wangu, hili ni jambo la ndoa, nitaeleza sababu zangu zote. Akaniuliza kwani siku hizi darasani sababu zimeruhusiwa? Nikaaga.

Mama Khavere alinipa ukuta mzima. Tena alikuwa akitabasamu, akisubiri alama. Abdiqadir hakuniacha hata nimalize salamu. Alikataa kabla hajajua anakataa nini! Hicho ni kiwango cha juu sana, sijawahi kukifundisha.

Nilikaa kwenye ngazi hadi watu wakaanza kuniruka. Nimeogopa, sitanii. Wanza nampenda, na mimi si mtu wa kupendwa mara mbili katika maisha. Baba yake hatanipokea nikiwa peke yangu, na bado siku chache tu.

Jumanne, 18 Juni

Asubuhi nilipiga simu Mwala, kwenye duka la jirani wa baba zangu wadogo. Nilisikia mwenye duka akiwaita. Nikawasikia wakiuliza ni nani. Nikasikia neno "nyuki". Simu ikakatwa.

Lakini jioni! Lilinijia nikipiga mswaki. Mtihani!

Niliwatangazia wanafunzi kwamba kozi yetu itafungwa kwa mtihani, na atakayefaulu atapata cheti chenye muhuri. Utafanyika Jumamosi mchana, nyumbani kwa mzee mmoja ninayemfahamu, Mzee Mutie, na kila mtu avae nguo za heshima. Walikubali wote, papo hapo! Mtu wa Kayole anaweza kukataa posa, lakini cheti hawezi. Mpango wangu ni huu: wataketi pale kimya wakisubiri maswali, mvi zitaonekana, mimi nitapata mke, na tukirudi nitawatangazia wote wamefaulu. Kwa kuwa Mzee Gachanja huchelewa kila mahali, niliwaonya kwamba mtihani unaanza mguu ukikanyaga kizingiti cha nyumba ile, na asiyekuwepo ameanguka. Nimewaza kila kitu.

Gordon akauliza kutoka kizingitini ni nani atakuwa mtahini wa nje. Ati mtihani wa kweli lazima uwe na mtahini wa nje. Wanafunzi wakampigia makofi. Amejiteua.

Jumamosi, 22 Juni

Naandika nikiwa nimejifungia ndani.

Tulifika mapema. Wote! Mzee Gachanja na koti la harusi yake, Mama Khavere na leso mpya, Abdiqadir na kofia yake ya sikukuu, Gordon na faili. Mzee Mutie ni dereva wa lori aliyestaafu, mtu mpana, mpole, asiyeinua sauti. Alitupokea mlangoni pamoja na ndugu zake. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akaniuliza taratibu huu ni ukoo upi wa Wakamba. Nikasema ni wa Kayole. Akacheka! Nikaona mambo yananinyookea.

Halafu ikaja mila yenyewe. Kwa Mzee Mutie mwoaji hasemi siku hiyo. Anakaa karibu na wazee wake, anaangalia vidole vyake vya miguu, na wazee ndio wanaomsemea. Nililijua hilo tangu utotoni. Ila sikuwa nimelifikiria.

Chai ililetwa. "Absolutely not," alisema Mzee Gachanja, akakunja mikono. Mama yake Wanza alidhani imekosa maziwa, akaenda kuongeza. Iliporudi, Mama Khavere akaikataa kwa kiwango cha ukuta. Zikaja chapati, zikarudi jikoni. Ikaja nyama ya mbuzi. Abdiqadir pekee ndiye aliyekuwa na sababu, maana mbuzi yule hakuchinjwa kwa taratibu za dini yake, na wenye nyumba wangemwelewa na kumtafutia kitu kingine. Hakuisema. Nimewafundisha wasitoe sababu. Gordon, ambaye hakuwa mtahiniwa, alikula vyote vilivyokataliwa.

Ndugu zake Mzee Mutie wakaacha kula. Katika nyumba ile mgeni asiyeonja kitu ni mgeni aliyekuja na ugomvi. Nilimkanyaga Mzee Gachanja mguu kumwashiria. Akadhani namjaribu, akakataa na maji ya kunywa.

Mzee Mutie alijikaza, akafuata utaratibu. Akauliza, jinsi inavyoulizwa, kama wageni wamepotea njia au kuna kitu wamekiona katika boma hili kikawavutia. Hapo ndipo mzee wa upande wetu hujibu kwamba wameona ua, au ndama mzuri, kitu cha namna hiyo. Mzee Gachanja alisafisha koo. "We have seen absolutely nothing."

Ndugu mmoja wa Mzee Mutie akauliza, basi huyu binti mnamtaka au hammtaki? "Not at all," alisema Abdiqadir. "Really not," alisema Mama Khavere, akanitazama kwa fahari.

Nikasema mimi namtaka! Nilisimama kabisa! Mzee Mutie akaniambia, "Keti chini, kijana. Hapa husemi mbele ya wazee wako. Na wazee wako wameshasema." Nikaketi. Nilitamani dari ianguke, lakini ilikuwa dari imara.

Gordon ndiye aliyesema ukweli. Alifuta mikono, akaeleza kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba hawa ni wanafunzi, wanadhani wapo kwenye mtihani, na mwalimu wao hakuwaambia kwamba wamekuja kuposa. Mama Khavere alishika kichwa kwa mikono miwili. Akaniuliza mbele ya watu wote, "Ndambuki, ni wewe ulitufanya tukatae chakula cha wenyewe?" Kisha wakaanza kusema wote kwa pamoja. Kwamba binti wanamtaka. Kwamba wanamtaka sana! Kwamba kama ile chai bado ipo, wataishukuru. Mzee Gachanja aliona ndama, ua, kila kitu.

Mzee Mutie aliwasikiliza. Kisha akanigeukia mimi, akasema polepole, kama mtu anayeonja mchuzi, "Absolutely not."

Gordon aliandika kitu kwenye faili.

Jumapili, 23 Juni

Hakuna mtu wa ploti anayenisalimia. Mama Khavere alikwenda mapema kwa kina Wanza na unga na sukari kuomba radhi. Nasikia walimpa ile chai.

Wanza alikuja mchana. Alibaki amesimama. Alisema jana alikuwa chumba cha ndani nyuma ya pazia. Mwanzoni alicheka hadi mama yake akamfinya, kisha akalia, kwa sababu alisikia watu watatu wakisema hawamtaki na hakujua ni mchezo. Hilo liliniuma. Sikuwa nimemfikiria pale nyuma ya pazia. Akaniambia kwamba kama ningewaendea majirani bila tai, nikasema kwa Kiswahili cha kawaida kwamba nimekosa watu na naomba wawe watu wangu, Mama Khavere angenibeba mgongoni hadi kwao. Nikasema labda. Akasema si labda.

Akaniambia pia kwamba baba yake maisha yake yote hajawahi kumkataa mtu. Ukoo mzima humla kwa sababu hiyo. Mimi ndiye wa kwanza kukataliwa naye, na usiku huo alilala vizuri kuliko miaka yote. Kwa hiyo hana chuki nami. Nikimpa muda, huenda roho yake ikalainika. Lakini Wanza ana sharti lake mwenyewe. Nitulie. Nisibuni kitu. Nisirudi kwao hadi aniambie yeye. "Ukibuni kitu kingine, Ndambuki, mimi sitakuwepo tena. Umenisikia?"

Nilimwambia nimesikia. Nilikuwa nimesikia kweli. Nilimshika mkono, na aliuacha niushike kidogo.

Jumanne, 25 Juni

Siku kubwa! Nilikuwa nafuta ubao, yaani kabati, nikasikia mtu akihema kwenye ngazi. Mzee Mutie! Na kiti chake! Alikiweka mbele kabisa, akakaa, akasema amekuja kusoma. Ana binamu wanaotaka kuhamia kwake na kwaya inayotaka kumfanya mfadhili.

Na izingatiwe kwamba sijabuni kitu. Ahadi yangu kwa Wanza iko palepale. Hili ni darasa lilelile la zamani. Ni mwanafunzi tu ndiye mpya. Tena fikiria! Baba yake Wanza, nyumbani kwangu, kila Jumanne na Alhamisi, akinisikiliza mimi! Mzee anayekuja kwako amebeba kiti chake mwenyewe ni mkwe tayari, yamebaki maneno machache tu.

Na ana kipaji. Sauti nzito, uso hautikisiki, mikono haipokei kitu. Nilijaribu kumpa kalamu tu aandikie, akaikataa. Hajawahi kutokea mwanafunzi kama yeye. Wale wengine watatu wamerudi pia, kwa ajili ya kumsikia, na wamekubali kunisamehe ikiwa nitawapa vyeti vyao.

Mwisho wa somo alibaki nyuma akaniuliza jambo. Alitaka kujua mtu hufanyaje iwapo yule aliyekataliwa akarudi, na wazee walewale, akaomba kitu kilekile. Swali zuri mno! Nimemwambia asubiri Alhamisi. Nimeandaa somo maalumu la kumkataa mtu anayerudi mara ya pili, na nitamfundisha kwa nguvu zangu zote, bila kumficha hata neno moja, ili aone mwenyewe ni mkwe wa aina gani anataka kumpoteza.

Nimewaambia Mzee Gachanja na wenzake wapige makoti pasi. Tunarudi kwake Jumamosi.